Sahihi ya Tarehe Kumi na Tatu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wakubwa wa kiwanda mliokalia viti vya mbele kana kwamba kuna aliyewaalika, familia imenituma mimi, dada mkubwa wa marehemu, nisome historia yake, na nitasoma tuliyoiandika wenyewe, siyo ile karatasi mliyotuletea jana asubuhi, imechapwa vizuri na kugongwa muhuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Februari 1971, nyumba ya pili kutoka kisima cha mtaa, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mama muuza mkaa, akasoma shule ya msingi tangu 1979 hadi 1985, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umakanika mwezi Novemba 1989. Tarehe 3 Mei 1993 aliajiriwa kiwanda cha ndoo na mabeseni, kwenye mashine ya kusaga plastiki chakavu, na wenzake wakampa jina la Ngoja, maana hakuna aliyewasha mashine mbele yake bila kuambiwa ngoja kwanza, ngoja nichungulie.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1996 na fundi cherehani, mama huyu mnayemwona, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na nyumbani nako alikuwa msumbufu vilevile, mtu hapigi pasi mpaka yeye akague waya, watoto wakimcheka mpaka basi.

Mwaka 2018 kiwanda kilimteua Bwana Usalama, mpwa wa meneja, ili kila mwaka apite kwenye kila mashine, awaulize wanaoiendesha ni kitu gani kinaweza kuwaumiza, aandike, na ahakikishe kinarekebishwa. Bwana huyu hakupita popote, alikaa ofisini kwenye kiyoyozi, chai kushoto, fomu kulia, akijaza hatari hakuna, hatari hakuna, kurasa tano nzima, na kwa miaka sita hatari pekee aliyoigundua ni utelezi wa sakafu mlangoni pake, kwa kuwa hapo ndipo alipoanguka yeye. Januari 2024 kifuniko cha mdomo wa mashine kilifunguliwa kwa amri ya meneja, eti kinachelewesha kazi, marehemu akamfuata Bwana Usalama mara tatu, mara zote akaambiwa mzee unazeeka vibaya, rudi kazini, naye akarudi, kwa sababu kitindamimba wake alikuwa bado shuleni.

Tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mashine ilimvuta mkono wa kulia, akakimbizwa hospitali, wodi ya wanaume namba nne, na tarehe 12 Juni madaktari wakalazimika kuukata juu ya kiwiko. Kidonda kiliingia sumu, sumu ikaenea kwenye damu, akafariki Jumanne tarehe 2 Julai, saa nane mchana, mkewe akiwa ameushika mkono uliobaki.

Karatasi yenu inasema kifuniko alikifungua yeye kwa uzembe wake, na kwa ukavu wa macho mkaambatanisha fomu ya tathmini ya hatari, yenye sahihi yake, akikiri kwamba amefundishwa na kifuniko kipo. Binti yake mkubwa aliisoma mara moja tu, akatuonyesha tarehe. Imetiwa sahihi kiwandani, tarehe 13 Juni, saa nne asubuhi. Loo! Marehemu alikuwa wodini hajitambui, na mkono wa kutia sahihi ulikwisha kukatwa tangu jana yake. Hata uongo, jamani, mmeuandaa mkiwa mmekaa! Nakala ya fomu hiyo tuliifikisha wenyewe kwa mkaguzi wa kazi wa serikali jana ileile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi aliyetupatia taarifa ya upasuaji yenye tarehe na saa, majirani waliopika, wakafua na kulala nasi, na wenzake wa zamu ya asubuhi, ambao leo ni siku ya tatu wamegoma kuigusa mashine ile mpaka kifuniko kirudishwe, na wamemwambia meneja hivyo usoni. Kiwanda tunakishukuru kwa shada la maua, libaki hapohapo getini, na Bwana Usalama akitaka kutia udongo kaburini aje tu, hatumzuii, angalau itakuwa mara yake ya kwanza kufika mwenyewe na kuangalia.

Pumzika sasa, ndugu yetu, kwa utulivu, mashine imezimwa.