Mnadi Aliyetufundisha Kungoja

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mara ya Tatu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba seremala na mama muuza maziwa. Mama yao alikuwa akisema kwamba huyu alilia kabla mkunga hajamshika vizuri, na tangu hapo hakunyamaza.

Alianza shule mwaka 1959 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1970. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kusoma kwa sauti hakuwa na mpinzani, na matangazo ya asubuhi yakawa yake.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuwa mnadi katika ghala la samani zilizotumika, nyuma ya stesheni, hadi alipostaafu mwaka 2011. Aliongea kama chiriku. Ila baina ya “mara ya pili” na “mara ya tatu” alinyamaza kabisa, nyundo ikiwa juu. Wenzake walipomhimiza agonge, aliwajibu kuwa mtu anayefikiri haharakishwi.

Tarehe 23 Desemba 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuja mnadani kutafuta meza ya kukatia vitambaa. Mkewe husimulia kuwa alimkataa mara ya kwanza, akamkataa mara ya pili, na ya tatu akaona huyu hachoki, heri yaishe. Mungu aliwajalia wana wawili na binti mmoja.

Tarehe 9 Juni 2017 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamgomea. Daktari alisema ni afasia: akili ni timamu, anajua anachotaka kusema, ila neno halitoki. Mtaalamu wa tiba ya usemi alikuja mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine zote kazi ilikuwa ya mkewe. Kila asubuhi baada ya chai alipanga picha mezani: kikombe, ufunguo, kijiko. Lakini huyu shemeji yetu naye kwa haraka hajambo. Mzee akianza tu “ki…”, yeye keshamaliza, kwa mapenzi tu. Siku moja mzee alizifagia picha zote chini, akalia. Iliuma sana kumwona.

Mtaalamu hakumlaumu mtu. Alimuuliza mke, mumeo mnadani alikuwa akimngoja mnunuzi kiasi gani? Tangu siku hiyo mke alikaa mikono mapajani, akihesabu moyoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo amsaidie, tena kwa sauti ya mwanzo wa neno tu.

Binti alipochumbiwa, kaka wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alishauri kuwa yeye atoe baraka kwa niaba ya mdogo wake, asije akaaibika mbele za watu. Mzee alitikisa kichwa. Alitaka kumbariki mwanawe kwa kinywa chake. Kwa miezi kumi na mmoja walifanya mazoezi ya maneno manne: “Mwanangu, nenda na baraka.”

Tarehe 1 Septemba 2018 alisimama ukumbini. Akasema, “Mwanangu,” akakwama. Kaka mtu akainuka ili amalizie. Shemeji akamvuta koti, akamketisha. Kisha shemeji akahesabu moyoni hadi tatu, akaanza kuhesabu upya. Ndipo mzee akasema, “Nenda na baraka… zangu.”

Hilo la mwisho halikuwa kwenye mazoezi.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2024. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 7 Mei 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa pembeni na picha zikiwa bado mezani.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja na dada wawili.

Mjane ameomba kusema neno lake kaburini kabla ya udongo. Hakuliandika popote. Akikwama, ndugu na majirani, mtu asimmalizie. Kaka mtu ameahidi kutulia kitini. Tumngoje.

Nawe, Mara ya Tatu, pumzika kwa amani. Hakuna anayekuharakisha.