Tahadhari Iliyowashwa Ijumaa

Saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, Ijumaa, basi la kwenda Ipswich, Australia, lilikuwa limekwama kwenye foleni na mvua. Hamish alikuwa na kompyuta magotini. Mfumo alioutunga, wa kuwatumia watu tahadhari ya mafuriko kwenye simu, ulimsubiri yeye tu abonyeze.

"Mbona hubonyezi?" akauliza mwanamke wa kiti cha kando, akiichungulia skrini.

"Watunga programu hatuwashi kitu kipya Ijumaa, dada. Kikiharibika, mafundi wote wako nyumbani mpaka Jumatatu."

"Sasa nani anakukimbiza?"

"Waziri. Ameshatangaza kwamba mfumo unaanza leo."

"Na mto nao umetangaziwa?"

Hamish alicheka kwa uchovu. "Vipimo viwili vya kina cha maji mtoni havijajaribiwa. Nimewaandikia watu wa wizara mara tatu. Wanasema hesabu ziko sawa, mwoga ni mimi."

"Mama yangu anakaa bondeni, kaka. Anangoja huo ujumbe ndipo ahame."

"Labda utamfikia."

"Labda?"

Hamish aliinamia kompyuta. Alibonyeza.

Basi liliposimama kituo cha Goodna, mwanamke alishuka, simu sikioni. "Mama, usingoje ujumbe. Nakuja kukuchukua."