Mtamba wa Kalekye

Benchi la mjini Kabati ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la dawa za mifugo, na mwenye duka alishachoka kuwafukuza wanaolikalia. Nadifa huweka jiko lake la makaa mwisho wa ubao, birika la kahawa ya tangawizi juu yake, na kuanzia hapo hakuna jambo la kaunti wala la dunia linalopita bila kuamuliwa. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Nzuki, mnunuzi wa ndengu, ambaye alikuwa na shida ya kweli na alifanya kosa la kuitaja.

Binti yake, Kalekye, alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha huko Kitui, mshambuliaji wa timu ya wasichana. Klabu moja ya Nairobi ilimtaka aache masomo akacheze kwa mshahara, kuanzia mwezi huo. Chuo nacho, kwa kuchoka kunyang'anywa wachezaji kila msimu, kilikuja na dawa yake: kila mchezaji atatengewa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, katika shamba la chuo, jina lake kwenye hereni ya sikio, na siku ya kuhitimu ataondoka naye pamoja na ndama wote. Akihama kabla, mtamba anabaki. Kalekye alimwachia baba yake uamuzi, na kocha wa klabu alitaka jibu kabla ya saa sita. Nzuki hakuwa amelala vizuri.

— Wacha kwanza turudi nyuma, akasema Kitheka, anayeitwa VAR, kama ile video ya marefa, kwa sababu kila neno lililosemwa lazima alirudie na kulitafutia kosa. Umesema wanampa ng'ombe.

— Mtamba.

— Mtamba. Kwa msichana. Ndio asiende kwa watu wengine.

— Eeh.

— Sasa Nzuki, wewe ni Mkamba kama mimi. Mtu akitoa mnyama juu ya msichana wako, asiende kwa wengine, hiyo tunaita nini?

Nzuki akanywa kahawa kwanza. Jibu alilijua, na hakulipenda.

— Hiyo ni ngasya, VAR akajijibu. Mahari. Hicho chuo kinaoa.

— Mahari gani hiyo inaanza na ng'ombe? Nadifa akauliza huku akipepea makaa. Nyinyi si huanza na mbuzi? Na mahari huja kwa baba. Huyu anabaki kwao.

— Ndio nakwambia ni wajanja. Wameoa, na mahari wamekaa nayo wenyewe.

Sugow alikuwa amenyamaza, na Sugow akinyamaza anapiga bei kichwani. Ni mfanyabiashara wa mifugo, na benchi linamwita Mwisho-Ngapi kwa sababu hata salamu huijibu kama anayeomba apunguziwe.

— Rangi gani? akauliza.

— Kahawia. Ana baka jeupe kwa paji. Nimetumiwa picha.

— Hebu.

Simu ikapita mkono kwa mkono. Mtamba alikuwa mzuri, hilo hata VAR hakulipinga.

— Huyu ni wa maziwa, Sugow akasema. Akikutana na kiangazi cha huku, mmekwisha. Wangewapa ngamia. Msichana na ngamia wake, hiyo ni timu haitoki mtu.

— Ngamia kwa sherehe ya kuhitimu? Nadifa akacheka. Apande nayo jukwaani?

— Ngojeni, VAR akasema, na sauti yake ikashuka kama ya mtu aliyegundua wizi. Mwaka wa pili leo. Mwaka wa tatu huyu mnyama amezaa. Akizaa anakamuliwa. Maziwa anakunywa nani?

Akawatazama mmoja mmoja.

— Chuo, VAR akasema. Sasa mwalimu akikunywa chai ya maziwa ya Kalekye kila siku, unafikiri atataka Kalekye amalize? Ndio maana matokeo hupotea. Ndio maana mitihani hurudiwa. Huyo msichana atahitimu akiwa nyanya mwenye wajukuu.

— Na hereni hutolewa, Sugow akaongeza. Mimi hiyo kazi naijua. Ng'ombe analala anaitwa Kalekye, anaamka anaitwa mkuu wa chuo.

— Kwa hivyo aende Nairobi? Nzuki akauliza. Alitaka mtu aseme ndiyo au hapana, basi.

— Sijasema aende, Sugow akasema. Nasema usiogope. Niuzie mimi huyo mtamba leo, akiwa huko huko shambani. Nitamchukua siku msichana atavaa joho. Mwisho ngapi?

— Unauziwaje ng'ombe ya mtu hajamaliza shule? Nzuki akauliza.

— Hiyo hatari ni yangu, Baba Kalekye. Taja bei.

Nzuki alikaribia kutaja. Alijionea aibu, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. Wakati huo mama mmoja aliyeshuka na gunia la kabeji kutoka Nunguni alikuwa ameketi pembeni kusubiri mwenye mkokoteni. Nadifa alikuwa amempa kikombe. Alisikiliza yote bila haraka, kisha akauliza kwa upole:

— Na huko chuoni anasomea nini?

— Kompyuta, VAR akasema mara moja.

— Si ni udaktari wa ng'ombe? Sugow akasema. Ama kwa nini wampe ng'ombe?

— Mimi nilisikia mambo ya maji, akasema Nadifa. Ama ni ya hoteli.

Wote wakamgeukia Nzuki. Alijua namba ya jezi ya binti yake, mguu anaopigia penalti na mabao yote ya msimu. Karo alikuwa akilipa bila kukosa. Alitafuta jina la ile kozi kichwani na hakulipata, na akatambua kwamba hakulisahau, hakuwahi kuuliza.

Akachukua simu, akampigia. Sikio la simu yake lilikuwa limekufa, ikabidi aiweke sauti ya juu, benchi zima likainama kusikiliza.

— Baba? Umeongea na kocha?

— Bado. Kalekye, kwani huko unasomea nini?

Huko upande wa pili mpira ulisikika ukidunda, kisha ukaacha.

— Baba, kuna nini nyumbani? Nani amekufa?

— Hakuna aliyekufa, Nzuki akasema. Nauliza tu.

Nzuki akasubiri jibu pamoja na wengine.