Anastazi Kahigi na Jamvi la Kompyuta

Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1999, Mzee Anastazi Kahigi anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha ufundi hapa Kituntu kwa miaka ishirini na mmoja. Alikuja mwaka 1978 akiwa fundi wa jenereta. Tangu hapo ametengeneza kila kinachotengenezeka, na visivyotengenezeka ameviacha vimefungwa kamba vizuri sana.

Ni mtu asiyependa vumbi, unyevu wala kubishiwa. Redio ikikoroma, anaianika. Hata saa ya ofisini iliwahi kushinda juani, na tangu siku hiyo inakwenda, ingawa haijawahi kukubaliana na saa nyingine yoyote.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa kompyuta. Mwaka 1997 tulipewa sita zilizochoka, na mkuu wetu, Mama Deodatha, akaambiwa wazi kwamba zisipofanya kazi kufikia Jumamosi zitahamishiwa kituo kingine. Darasa langu la uhazili lingebaki na taipureta mbili, moja ikiwa haina herufi A.

Mtaalamu wetu, kijana Theoneste, alitaka kuziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa jamii ya Unix ambao haukuhitaji kununuliwa. Alinakili kwanza kazi za zamani kwenye disketi, akajaribu kuingiza mfumo, ukagoma njiani. Kila kompyuta ilikuwa na memori kidogo mno. Akapanda gari kwenda Bukoba kutafuta memori nyingine, akimwomba Mzee azifungue na kuzipangusa vumbi.

Kwa Mzee Kahigi, kupangusa tu ni uvivu. Alikwenda nyumbani akaazima jamvi la kuanikia kahawa la mkewe, Mama Kemirembe, akiahidi kulirudisha jioni. Akalitandika uani, akachomoa kila kinachochomoka, akakianika, na mchana akawa anapita kukigeuza na kufukuza kuku.

Mvua ikaja bila hodi. Sote tulikimbia kuanua kama tunavyoanua kahawa, yaani kwa kukumba vyote pamoja. Vitu viliingia ndani vikavu, lakini hakuna aliyejua kipi kilitoka wapi. Mama Deodatha aliketi akashika kichwa. Mzee alisema hana wasiwasi, akaanza kurudishia.

Ijumaa Theoneste alirudi mikono mitupu. Akawasha kompyuta ya kwanza. Ikahesabu memori, ikapita pale ilipozoea kuishia, na mfumo ukaingia disketi baada ya disketi. Ya pili vilevile, na ya tatu. Ya nne ikatoa mlio wa malalamiko tu, na ya tano, na ya sita.

Mzee alipoulizwa alieleza kwamba alikuta kila kompyuta ina nafasi nane za memori, nne zimeachwa wazi, na kwenye kibanja chake hachimbi mashimo ya migomba akayaacha hivihivi. Basi alijaza ya kwanza, ya pili na ya tatu, vipande vya memori vikaisha. Theoneste alicheka hadi akaketi sakafuni. Kompyuta zikabaki kwetu, na wahazili waliofundishwa kwa zile tatu wako kazini hadi Isingiro. Mzee mwenyewe hadi leo anashikilia kwamba kilichosaidia ni jua.

Ndiyo maana jamvi halikurudi. Alilitandika juu ya meza chini ya zile kompyuta, akisema zimeshalizoea na zikitolewa zitagoma. Mama Kemirembe alilidai kila msimu wa kahawa, kisha akaenda kuazima la jirani yake, Mukandekezi. Juzi ametuma ujumbe kwamba mstaafu atapokelewa nyumbani kwa furaha, ila asithubutu kufika mikono mitupu.

Jana tulizinyanyua kompyuta, tukalivuta jamvi, tukaziwasha tukiwa na hofu. Samahani, Mzee, zimewaka zote tatu.

Tunakushukuru kwa kila ulichokitengeneza na kwa jinsi ulivyotuchekesha bila kukusudia. Tutakukosa sana, hasa wingu likitanda na sisi tukitazama uani kwa mazoea. Mungu akupe siku nyingi na jua la kutosha. Jamvi tumelifunga nyuma ya baiskeli yako. Msalimie Mama Kemirembe, umwambie jioni ile uliyomwahidi imefika.