Generosa na Wapokezi wa Machela

Baba Paroko, ndugu Mwenyekiti wa kijiji, ndugu wafiwa na nyie nyote mliokuja, anayesoma mbele yenu ni Melkior Silvesta, kaka wa marehemu, kwa niaba ya familia. Mtatusamehe kwamba mnaisikia historia hii wakati kaburi limeshapata majani, kwa maana siku aliyofariki, Bwana Afya aliruhusu watu wanne tu kumzika, na kuanzia hapo hadi juzi mikusanyiko ilikatazwa.

Marehemu Generosa Silvesta Ngolo alizaliwa hapa Usevya tarehe 14 Agosti 1934, akiwa mtoto wa nne wa mzee Silvesta Ngolo na mama Eufrazia, wote wameshatangulia. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1943 na kumaliza darasa la nne mwaka 1947, na angependa kuendelea, ila baba alisema mpunga haupandwi kwa kalamu, basi akarudi shambani. Mwaka 1952 alipata kazi ya kufua mashuka kwenye zahanati ya masista, na huko, kwa kutazama tu, akajifunza kusafisha kidonda, kufunga mfupa uliovunjika na kumtambua mgonjwa wa kupelekwa hospitali mapema.

Tarehe 9 Julai 1955 alifunga ndoa na ndugu Telesphor Gaudensi, fundi wa kuchana mbao, ambaye yuko nasi hapa. Mungu aliwajalia watoto watano, na walio hai ni watatu.

Mwezi Machi 1970, mvua zikiwa zimekata barabara, mdogo wetu Marsela alishikwa na uchungu wa uzazi na mtoto akakwama. Telesphor na mdogo wake walimlaza kwenye kitanda cha kamba wakakibeba mabegani, Generosa akiwa pembeni amemshika mkono mgonjwa, wakapita vijiji viwili, na katika vyote watu walitoka nje wakasema "poleni sana", wakasimama kuwatazama mpaka walipopotea. Mikono ya wale wawili iliishiwa nguvu, wakamtua mara tatu, na mara ya tatu, kando ya mto uliofurika, Marsela akakata roho na mtoto wake tumboni. Kwenye matanga watu waliwalaani wale wa vijiji vya njiani, lakini Generosa aliwanyamazisha akasema, "Walitutazama tu. Wangekuwa wao wamepita hapa kwetu, na sisi tungewatazama hivyohivyo."

Baada ya arobaini alianza kutembea. Alichotaka ni kitu kidogo kukieleza na kigumu kukipata, yaani kila kijiji kiwe na watu wanane wa kujitolea na machela yao, mgonjwa akitoka kijiji kimoja apokelewe mpakani na wa kijiji kinachofuata, nao wamfikishe kwa wengine, hadi afike hospitali Mpanda bila bega la mtu kuchoka kupita kiasi. Kule Kasansa mzee mmoja, Apolinari, alimuuliza mbele ya watu, "Mama, mgonjwa wa Usevya anatuhusu nini sisi?" Naye akamjibu, "Mzee, una binti wangapi walioolewa nje ya Kasansa?" Mzee alikuwa nao wanne. Jioni ileile alimpa watu wanane, wawili wakiwa wanawe wa kuwazaa.

Familia ikiri hapa kwamba haikumsaidia. Mimi mwenyewe nilimwambia anaacha shamba la mumewe liliwe na ngedere kwa ajili ya watu wasiomjua, na nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja.

Kufikia mwaka 1973 vijiji kumi na kimoja vilikuwa kwenye mstari, watu wakaanza kuwaita Wapokezi, na pale katikati ya pori la Katavi ambapo hapakuwa na kijiji, watu wa Usevya walivuka wenyewe hadi Sitalike, siku mbili kwa miguu, wakiimba kwa sauti ili tembo wawasikie. Mwaka 1974 ulipokuja uhamisho wa vijiji, mstari ulikatika, na mwezi Novemba wapokezi walimfikisha mgonjwa wa ngiri mpakani wakakuta kuta zisizo na paa na majivu, watu wote wamehamishwa, na mgonjwa yule akafia pale wakibishana waende upande gani. Generosa aliziendea familia zote za wabebaji kuomba radhi kama vile yeye ndiye aliyehamisha kijiji, kisha akaanza upya, mlango kwa mlango, katika vijiji vipya, akafika Inyonga, ambako warina asali walimpa watu kuliko aliowaomba.

Mwezi Juni 1976 aliitwa Tabora kwenye semina ya watu wa kujitolea kutoka mikoa minane, akaeleza habari za machela kwa Kiswahili chake hiki chenye Kipimbwe ndani yake, wengine wakacheka mwanzoni, na semina ilipofungwa kila mkoa ulitaka mfano. Hadi mwisho wa mwaka 1977 palikuwa na Wapokezi katika mikoa tisa ya Tanzania, watu zaidi ya elfu nne, wengi wao hawakuwahi kumwona uso.

Februari 1978 kikaingia kipindupindu. Wapokezi walibeba usiku na mchana, na ndani ya wiki tatu watatu wao walifariki Kasansa, mmoja akiwa Severini, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, mtoto pekee wa mama Getrude, mjane. Generosa alipokwenda kuhani, mama Getrude alimwambia mbele ya waombolezaji, "Ulikuja kumwomba hapahapa mlangoni, ukasema ni kazi ya Mungu. Sasa mrudishe." Generosa alibaki kwenye boma lile siku nane, akiteka maji na kufagia, bila kusemeshwa hata salamu.

Siku ya tisa Bwana Afya alimfuata hukohuko, akamweka pembeni, akamwambia kwa upole, "Mama, tumechunguza. Ugonjwa unafuata njia ya machela zenu. Kijiji ambacho hakipokei mgonjwa, hakijaugua." Telesphor, aliyekuwepo, anasema mkewe aliketi chini kwenye vumbi kama mtu aliyepigwa, kisha akaomba maji, akanawa, akasimama.

Alitembea tena mstari wake wote, safari hii akiwaambia watu waiweke chini kazi aliyowafundisha, machela zichomwe, mgonjwa atibiwe palepale alipo kwa maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari kama alivyoelekezwa, na asivuke mpaka. Wengine walimtii, wengine walimtukana, na baba mmoja aliyekatazwa kumbeba mwanawe alimtemea mate miguuni. Mtoto yule alifariki. Vijiji vya mbele havikuugua, lakini ni nani angeweza kumfariji baba yule kwa habari za vijiji vya mbele?

Tarehe 9 Aprili 1978, akiwa njiani kurudi, ugonjwa ulimshika Kasansa. Habari zilifika hapa, na wapokezi sita pamoja na mumewe walitengeneza machela mpya wakaenda kumchukua. Aliwazuia mlangoni kwa sauti iliyokuwa imeshakauka, "Mkinibeba mimi mtambeba kila mtu. Nimewaambia wenzenu wawaache watoto wao walipo, mimi ni nani?" Telesphor alimsihi kama mume, akamsihi kwa jina la watoto, naye akamwambia, "Baba Josephina, kaa hapa na mimi, usinibebe." Alikaa. Alfajiri ya tarehe 10 Aprili alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na amezikwa Kasansa, si hapa kwao, kwa sababu hiyohiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha, Bwana Afya aliyemwambia ukweli, wazee wa Kasansa waliotoa ardhi, majirani waliolima shamba lake, na Wapokezi wa mikoa yote waliotuma salamu. Mama Getrude hakuja leo. Tulimpelekea taarifa, akaipokea, na familia haimlaumu.

Mwisho, Bwana Afya ameruhusu machela kuanzia Jumatatu ijayo, na zitaoshwa kwa dawa kila mpakani. Zamu ya Usevya imepungukiwa watu wawili. Nafasi moja nimeiandikisha jina langu, nikiwa nimechelewa miaka minane, na atakayechukua ya pili aonane na Telesphor kabla ya kutawanyika.

Dada Generosa, umetembea vya kutosha, lala sasa kwa amani.