Dishon Ogutu Akabidhi Funguo za Kibaraza

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Bw. Dishon Ogutu anastaafu kutoka Redio Kisiwani baada ya miaka ishirini na sita na miezi tisa kazini. Muda wote huo amekuwa fundi mkuu wa mitambo. Kwa miaka minane ya mwanzo alikuwa fundi pekee, kwa hiyo cheo hicho hakikuwa na mshindani.

Alijiunga nasi tarehe 1 Februari 1999 akitoka karakana ya reli. Alikuja na sanduku la bisibisi, koleo na waya wa solda, na hadi leo analitumia sanduku hilohilo. Faili lake la utumishi lina barua moja ya onyo, ya mwaka 2003, kwa kosa la kulifungua jokofu la ofisi bila idhini. Jokofu lilikuwa limekufa. Alipolifungua lilipona, lakini barua haikufutwa.

Nyumbani kwake ni Mji wa Kale, ambako yeye na mkewe, Bi. Emmah, wamepanga ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe kwa miaka ishirini na miwili. Huko ndiko alikoanza kuifundisha nyumba ijiendeshe. Pampu hujiwasha maji ya mfereji yanapofika na hujizima tangi linapojaa. Taa za ngazini huwaka mtu akikanyaga kidato cha kwanza. Kuta za nyumba hiyo ni nene kiasi cha kuyazuia mawimbi ya waifai, kwa hiyo alipitisha nyaya juu ya boriti, chumba hadi chumba, bila kutoboa ukuta hata mmoja. Hilo lilikuwa sharti la mwenye nyumba, Bi. Mwanakuu, anayeishi ghorofa ya juu.

Kazi iliyompa taabu ilikuwa ya mlango. Bi. Mwanakuu anaumwa na magoti, na kila mgeni alipofika ilimbidi ateremke vidato thelathini na kimoja. Dishon akafunga kitasa cha umeme kilichofunguka mgeni alipobonyeza kengele. Bibi alikikataa siku hiyohiyo.

"Baba Beverly," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye, "hicho kidude chako chamjua nani? Mtu hajapiga hodi, hajasema yeye ni nani, nacho chamfungulia?"

Dishon akaongeza kipaza sauti mlangoni na kitufe kando ya kiti cha bibi. Sasa mgeni hupiga hodi chini, bibi humsikia juu, humuuliza habari za watu wote wa kwao, ndipo hubonyeza. Mara nyingine mazungumzo huisha bila mlango kufunguliwa, na pande zote mbili huridhika.

Mwezi wa Machi 2018, ukurasa wa kituo kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii ulifungwa bila maelezo. Salamu, picha na malalamiko ya wasikilizaji ya miaka sita yalipotea pamoja nao. Tuliandika barua pepe kumi na nne, na zote zilijibiwa na mashine. Dishon aliomba kompyuta moja kuukuu iliyokuwa stoo, akaisafisha vumbi, na kufikia Mei alikuwa ameifanya seva ya mtandao wetu wenyewe. Aliuita Kibaraza.

Kwa wale wasiokijua, Kibaraza hakina makao makuu ng'ambo. Kinakaa ndani ya chumba kidogo nyuma ya studio, kina sheria zake na msimamizi wake. Hata hivyo, mwanachama wake huandikiana na watu wa seva nyingine kama hiyo popote duniani, vile mtu mwenye barua pepe ya huku anavyomwandikia mwenye barua pepe ya kule. Utaratibu wa kuingia Dishon aliuchukua mlangoni kwa Bi. Mwanakuu: mgeni huandika hodi na mstari mmoja wa kujitambulisha, naye mtu husoma na kumkaribisha.

Mwaka 2021 maombi yalizidi, Dishon akaandika programu ya kumkubali kila aliyeandika neno "hodi". Aliamini kwamba anayejua kupiga hodi ana adabu zake. Kwa siku mbili akaunti bandia 312 zilipiga hodi kwa adabu zote, zikaingia, zikaanza kuuza viatu. Seva arobaini na tatu zikakata mawasiliano nasi. Dishon hakumtafuta wa kulaumiwa. Aliandika mbele ya wanachama wote: "Kosa ni langu. Nilikiachia kidude mlango." Kisha aliwaandikia wasimamizi wa seva zile, mmoja baada ya mwingine, na siku ya kumi na moja wa mwisho alitufungulia. Bi. Mwanakuu aliposimuliwa alisema maneno mawili tu: "Si nalikwambia."

Mwezi wa Julai mwaka huu, meneja wetu, Bi. Fariha Allarakha, alitoa barua kwamba Kibaraza kitafungwa siku ambayo Dishon anastaafu, kwa kuwa hakuna mwingine anayekijua. Sababu ilikuwa ya kweli. Wanachama 1,346 hutangaziana humo maji, misiba, vitu vilivyopotea na mitumba ya kanga iliyofunguliwa Biashara Street. Wangeweza kuhamia seva nyingine na majina yao, lakini maandishi yao ya miaka saba yasingehama. Yangepotea kama yale ya 2018.

Dishon aliomba nafasi ya kumfundisha mtu mmoja, akamtaja Mejumaa Athman, mtangazaji wa kipindi cha salamu.

"Mzee Dishon, Mejumaa si fundi," meneja alimwambia.

"Ufundi nitamfundisha," alijibu. "Kuwajua watu ndiko nisikoweza kumfundisha, na anawajua tayari."

Alimfundisha wiki kumi, saa za mapumziko. Jumatatu, tarehe 6 Oktoba, wanachama wakiwa wameshaarifiwa juu ya jaribio hilo, aliizima seva, akaichomoa diski, akaitia mkobani na kwenda nyumbani. Simu yake aliizima pia. Mejumaa alibaki na diski tupu, nakala ya akiba na daftari la maelezo la kurasa kumi na nane. Makubaliano na meneja yalikuwa wazi: Kibaraza kikirudi kabla ya saa sita mchana Jumatano, kitabaki. Kisiporudi, barua ya Julai itasimama.

Jumanne asubuhi Mejumaa alikwama kwenye ukurasa wa kumi na moja. Maandishi yote yalikuwa yamerudi kwenye diski, lakini programu haikuyaona. Alirudia hatua zile mara nne. Hakuwa na wa kumpigia. Kwa akaunti yake ya seva nyingine, alimwandikia msimamizi mmoja wa Tanga, ambaye ni miongoni mwa wale arobaini na tatu waliotukatia mwaka 2021. Huyo alimjibu baada ya chakula cha mchana: programu ilikuwa haijapewa ruhusa ya kuyasoma maandishi. Dishon alikuwa ameifanya hatua hiyo mara nyingi hata akasahau kuwa ni hatua, wala hakuiandika.

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, Kibaraza kilirudi. Mejumaa aliiandika hatua ile kwa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa na kutia sahihi. Siku ya pili Dishon aliusoma, akasema, "Umeniumbua, mwanangu," akapiga chapa daftari upya. Bi. Fariha aliifuta barua yake.

Dishon na Bi. Emmah wanahamia kwao Yala mwezi ujao. Bi. Mwanakuu amesema ghorofa wanayoiacha haipangishwi mpaka apatikane mtu ajuaye kushika bisibisi.

Katika mkutano wa wafanyakazi wa Ijumaa iliyopita, Dishon alimwomba Mejumaa amwondolee mamlaka ya usimamizi wa Kibaraza.

"Mzee, si tungoje mwisho wa mwezi?"

"Sasa hivi, nikiwa hapa nione."

Mejumaa alimwondoa. Dishon alivaa miwani, akakaa kwenye kompyuta na kujaribu kuingia kama msimamizi. Alikataliwa. Alijaribu tena, akakataliwa tena. Akavua miwani.

"Hapo sawa," alisema, akaenda kumimina chai.

Mzee Dishon, ahsante kwa kila mtambo uliotuachia ukifanya kazi, na kwa kutuachia mtu anayeuelewa. Namba yako tumeiondoa kwenye orodha ya dharura ukutani. Tunakuombea wewe na Bi. Emmah afya njema, na tukikupigia simu iwe ya kukujulia hali tu.