Vita Vilivyoingia Wodini

Treni ilipoondoka, mwalimu wa chuo aliyeketi mbele yangu alimwambia muuguzi wa pembeni yake kwamba anafundisha usalama wa dunia. "Vita vya siku hizi, dada, vinapita kwenye waya," alisema, kwa raha ya mtu anayesifia shamba lake.

"Kwetu vilishapita," muuguzi akajibu. "Mwezi jana watu wasiojulikana waliingia mtandaoni wakazifunga kompyuta zote za hospitali. Majina, vipimo, dawa, hakuna kilichofunguka. Na mimi nina wagonjwa ishirini na wawili wodini."

"Mkafanyaje?"

"Tukaandika kwa mkono. Kila mgonjwa nikambandikia plasta kifuani yenye jina na dawa yake. Mzee mmoja alikuwa hawezi kuongea, nikampigia simu mkewe. Akaniambia penisilini iliwahi kutaka kumuua. Kaka, sindano ya hiyo penisilini nilikuwa nimeshaishika."

Mwalimu akasogea ukingoni mwa kiti. "Hivyo ni vita kamili. Ni nchi gani iliyowashambulia?"

"Polisi wanasema ni wezi tu, walitaka pesa ndipo wazifungue."

"Wezi na majeshi siku hizi ni chanda na pete. Lazima tumjue adui."

"Mjueni nyie. Mimi nataka daftari la wagonjwa na dawa zinazowadhuru kila wodi, na mkuu wangu anasema daftari ni ushamba."

"Daftari halizuii vita, dada."

"Lingeizuia ile sindano kabla sijaishika."

Treni ikasimama. Muuguzi akashuka, na mwalimu akamfuata hadi mlangoni akisema hajamaliza.